Mlangoni au Dirishani

Jina la Sista Ndevu alibandikwa na dereva wa lori aliyelazwa wodi ya wanaume, mguu mmoja umening'inizwa kwa kamba na vyuma. Manesi wote hapa tunawaita sista, alisema Dereva, na huyu naye ni nesi, sasa tumwiteje? Wodi nzima ikavunjika mbavu. Mwenye ndevu zake akacheka pia, akaendelea kukunja shuka.

Alikuwa jitu la mtu, mabega kama ya mpakia mizigo. Wageni walimdhania mlinzi, au msukuma machela, na wakishaambiwa ni nesi swali lilikuwa moja tu: kwani ulikosa kazi nyingine? Mama mmoja aliyekuja kumtazama mumewe alimwonea huruma waziwazi, akamwambia asikate tamaa, akazane na masomo, ipo siku atakuwa daktari. "Amina, mama," alijibu, akapita zake. Lakini lilimkera. Daktari huja asubuhi, akasimama miguuni pa kitanda, akasema yake, akaondoka. Anayebaki ni nesi. Na yeye tangu mwanzo alichotaka ni kubaki.

Alikuwa na namna yake ya kazi. Hakumshika mgonjwa bila kumwambia kwanza. "Nakuinua mkono, mzee wangu." "Sasa naosha mgongo, maji ni ya vuguvugu, usishtuke." Na kwa wale wasioweza kujigeuza, ambao wakiachwa ubavu mmoja ngozi huchubuka na kidonda kikachimba hadi mfupani, alikuwa na swali lake: "Mlangoni au dirishani?" Yaani unataka kuelekea wapi, wanakoingilia watu, au kwenye mwanga? Ukuta haukuwamo katika swali hilo. Kitanda cha pembeni kilipakana na ukuta mtupu, basi kila akiingia zamu alikivuta kikakaa mshazari, ili aliyelala hapo apate walau kipande cha dirisha. Wafanya usafi walinung'unika weee, mwishowe wakachoka.

Hata waliozimia aliwauliza. Alingoja kidogo, kama anayepisha jibu, ndipo akachagua. Hata waliokwisha kukata roho, akiwaosha mara ya mwisho, aliwauliza.

"Huyo naye atakujibu?" Dereva alimuuliza siku moja.

"Siku akinijibu, mimi na wewe tutatoka mbio, na huo mguu wako wa kamba."

Dereva alicheka, lakini usingizi siku hiyo haukumjia mapema.

Nyumbani mkewe alikuwa na swali lake pia. Akimwona mumewe ametua kijiko katikati ya chakula, kichwa ameinamisha kama anayesikiliza jambo nyuma ya ukuta, humuuliza: "Baba watoto, leo umekuja na nani?" Naye husema: na yule mzee wa kikohozi. Au: na yule kijana wa pikipiki. Maana walikuja naye kweli, wale waliomfia mikononi, wakakaa naye mezani, wakaingia naye kitandani. Alisema usingizini "nakugeuza sasa", na siku moja alimgeuza mkewe vizuri kabisa, kitaalamu, mpaka chini sakafuni. Walilicheka hilo miaka.

Lakini kulikuwa na sauti moja ambayo mkewe hakuambiwa. Hii haikutoka wodini. Ilikuwa ya mwanamke, nyembamba, haina haraka, na ilisema maneno yale yale kila ilipokuja: Nigeuze, niangalie mlango.

Ilikuwa ya mama yake. Ugonjwa ulimkata miguu, kisha kiuno, akawa mtu wa kulala chumba cha nyuma akitegemea kugeuzwa. Aliyemgeuza ni shangazi, dada wa baba, aliyekuja asubuhi na jioni. Mchana mmoja, mama ameelekea ukuta, akamwomba mwanawe huyu, wakati huo bado mtoto mdogo, amgeuze. Mtoto alisukuma, akavuta, akalia, mikono haikutosha. Akakimbilia karakana iliyokuwa ubavuni mwa nyumba, kwa baba yake, fundi wa magari, mwanaume aliyejulikana mtaa mzima kwa kunyanyua injini akiwa na msaidizi mmoja tu.

"Baba, mama anataka kugeuzwa."

"Hiyo ni kazi ya wanawake," baba akasema, bila kutoa kichwa kwenye gari. "Kimbia kamwite shangazi yako."

Alikimbia. Waliporudi na shangazi, mama alikuwa amekufa, uso wake uko kule kule ukutani.

Baba na mwana hawakulizungumza hilo hata siku moja. Mwana aliishi na wazo moja lililomsaidia kumpenda mzazi wake: kwamba mzee hakujua. Kwamba kelele za karakana zilimzuia asimsikie mama akiita, akadhani ni kitu kidogo cha kungoja. Na alipokua akasema anakwenda kusomea unesi, hakutoa sababu, na baba hakuuliza. Alisema tu, "Unesi? Mwanaume mzima?" na kuanzia hapo akawaambia watu kwamba mwanawe ni daktari. Tena alitia chumvi, akamfanya wa upasuaji. Majirani walipomletea Sista Ndevu matumbo yao na migongo yao, alijikaza kiume, akatikisa kichwa kidaktari, akawashauri waende hospitali.

Kisha kiharusi kikampiga baba yake, Fundi. Upande wa kushoto ukafa, ulimi ukawa mzito lakini ukabaki unasema. Majirani walimleta, na pahali palipokuwa wazi ni kitanda cha pembeni.

"Daktari," Fundi akamwambia mwanawe, kwa sauti ya kusikika na wote.

"Daktari yupi?" akarukia Dereva, aliyekuwa kitanda cha jirani, wala hakuwa na nia mbaya. "Mzee, huyo ndiye Sista wetu! Sista Ndevu! Jana tu kaniosha makalio."

Walicheka, kisha wakaona uso wa mzee, kicheko kikakatika. Fundi akafumba macho. Mwanawe alipoinama na beseni la maji kumvua shati la safari, mkono mzima wa mzee ulimsukuma.

"Usinishike. Aje mwingine. Nielekezeni ukutani."

Akaja mwingine, dada mmoja mwenye mikono myepesi na moyo mzuri, lakini mzee alikuwa mzito, na manesi walikuwa wachache, na wagonjwa wengine nao walikuwa na haja zao. Kumgeuza kukawa kunachelewa. Tena kila alipogeuzwa kuelekea watu alianza kupiga kelele, mpaka arudishwe ukutani, asimwone mwanawe akipita na mabeseni. Kitanda nacho alikataa kisivutwe.

Ngozi ya nyonga ikaanza kubadilika. Sista Ndevu aliiona pale dada yule alipokuwa akipanguza, akajua kinachofuata kama mtu ajuavyo njia ya nyumbani kwake. Pangefunguka, homa ingepanda, mzee angekwenda. Dawa ya kidonda kile ni kugeuzwa, basi, hakuna miujiza. Alisimama hatua chache kutoka kitandani, mikono imening'inia, na ile sauti nyembamba sasa ikaacha kungoja usiku. Ilimjia mchana, akiwa anapanga vidonge. Nigeuze. Safari hii mikono ilitosha, na hakuruhusiwa. Alimwogopa Mungu, na aliogopa kumzika mzazi wa pili aliyetazama ukuta.

Alibembeleza. Alimtuma mkewe akabembeleze. Mzee alivuta shuka mpaka masikioni.

Siku moja, saa za kutazama wagonjwa, majirani walijaa, wakauliza daktari mwenyewe yuko wapi. "Yuko kwenye upasuaji," Fundi akaujibu ukuta. Mwanawe alikuwa nyuma yao pale pale, ameshika chombo cha haja kilichofunikwa kitambaa. Majirani walimwona. Mmoja alimeza mate, mwingine akaanza kusifia hali ya hewa. Iliuma. Aliona uchungu wa kitoto, ule wa kukimbilia chooni kulia, na kwa bahati huko ndiko alikokuwa akienda.

Wageni walipoondoka, wodi ikatulia, jua la alasiri likiingia mpaka katikati ya sakafu. Alipita kando ya kitanda cha pembeni. Hakukusudia kusimama.

"Amekuja tena," Fundi akasema.

"Nani, baba?"

"Mama yako. Anakaa hapa ukutani. Kila siku."

"Anasema nini?"

"Lile lile. Nigeuze, niangalie mlango."

Maneno hayo mama aliyasema kwake, chumbani, wako wawili tu. Kule karakanani hakuyarudia yote. Alisema kugeuzwa. Mlango hakuutaja, si kwa baba, si kwa shangazi, wala si kwa mtu yeyote maishani mwake.

"Baba, umeyajuaje hayo?"

Sauti ya mzee ilikuwa nzito, lakini kila neno lilisikika.

"Ulipokwenda kumwita shangazi yako, niliacha kazi. Nikaenda mpaka mlangoni kwake. Akaniita. Aliniita kwa jina langu, akaniambia hivyo. Nikatazama mikono yangu, ina grisi. Nikaenda kunawa. Nikarudi. Akaniita tena." Akapumua. "Nilisimama nyuma ya mlango mpaka akanyamaza."

"Ulimsikia."

"Nilimsikia. Injini najua pa kushika, mwanangu. Yeye sikujua nimshike wapi. Niliogopa nitamvunja. Niliogopa na watu watasema nini."

Sista Ndevu alishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Lile wazo lake la kwamba mzee hakujua, alilolilea miaka yote, lilimtoka mara moja, na nafasi yake ikaingia chuki. Tuseme kweli, ilikuwa chuki. Aliona angeweza kuondoka. Zamu yake ilikuwa ikiisha, koti liko msumarini, mzee mwenyewe ndiye aliyeuomba ukuta. Amwache nao. Akakaa hivyo, amesimama, anamsikiliza baba yake akipumua, na ghafla akajiona: mwanaume mwenye nguvu zake, yuko karibu na kitanda, mikono haifanyi kitu. Ndivyo alivyosimama yule mwingine.

"Nigeuze," baba akasema.

"Mlangoni au dirishani?"

"Alikotaka yeye."

Akazunguka kitanda. Akakivuta kikatoka ukutani, kikalia sakafuni, wodi nzima ikaangalia. "Nakushika bega, baba," akasema. "Hapa. Na sasa nyonga. Nakugeuza." Mzee akageuka mzimamzima kwa wakati mmoja, taratibu, mwili ule mkubwa uliotia hofu watoto wa mtaa mzima, akatua kwa ubavu wa pili, uso umeelekea mlango. Machozi yalimtoka jicho moja, lile zima.

"Kumbe ni hapo tu?"

"Ni hapo tu, baba."

"Bega na nyonga?"

"Bega na nyonga."

Mzee alilia basi, kilio kibaya cha mtu ambaye nusu ya mdomo haimtii, na mwanawe alikaa kando yake akalia naye, mbele ya watu, na sare yake.

Kidonda kilikuwa kimeshaingia ndani. Fundi hakuondoka wodini kwa miguu yake. Lakini tangu siku ile aliogeshwa na mwanawe, akalishwa, akageuzwa, na siku nyingine baada ya kazi mwana alibaki bila kuvua sare. Majirani walipokuja tena, wakauliza kwa adabu, wanajua na hawajui, daktari hajambo? Fundi hakumtaja daktari. Alionyesha kwa kidevu, "Huyo hapo," na aliyekuwa hapo alikuwa akikausha maji ya kidonda kwa pamba. Zaidi ya hapo hakusema, na mwana hakudai.

Alikufa mchana, ameelekea mlango. Mwanawe alimwosha mwenyewe. Alimuuliza swali lake, akangoja.

Dereva aliruhusiwa muda mfupi baadaye. Akiwa juu ya magongo, mfuko begani, aliaga vitanda vyote kwa utani, kisha akamvuta Sista Ndevu kando, na safari hii hakuwa na utani.

"Ndugu yangu, nina kijana wangu wa kiume. Anataka kusomea hii kazi yenu. Mama yake na mimi tumemkatalia. Hebu niambie wewe. Inamfaa mwanaume?"

Alifikiri. Alifikiria maswali ya wageni, yule mama aliyemtakia udaktari, mishahara, mgongo wake uliokwisha kuuma kabla ya wakati.

"Mwache aje," akasema. "Mwanaume asiyejua kumshika mtu ana hasara kubwa. Nimemwona. Ila mwambie ukweli: akitoka kazini hatarudi nyumbani peke yake."

Jioni hiyo mezani alitua kijiko, akainamisha kichwa. Mkewe alimtazama.

"Leo umekuja na nani?"

"Na wawili," akasema, na hapo ndipo mkewe alipomsikia akimtaja mama yake kwa mara ya kwanza. "Mama anaomba kugeuzwa. Na baba yupo mlangoni, mikono ameshanawa, ananiuliza amshike wapi."

"Nawe unamwambia?"

"Namwambia kila siku. Bega na nyonga." Akasikiliza tena. "Bado hajaingia."