Picha ya Shaba Niliyoisugua Mpaka Ikafutika

Aibu hii ni yangu mwenyewe na sitamsingizia mtu, kwa hiyo acheni niieleze mimi, maana nimesikia sokoni wanasimulia kwamba nilimpaka mkubwa wa zone, yaani wilaya yetu ya mjini, sabuni usoni, na hilo si kweli, usoni sikumgusa.

Ilikuwa miaka ile ya Zaire, wakati sote tulikuwa sitwayen na sitwayene, yaani raia mwanamume na raia mwanamke, ndivyo serikali ilivyotaka tuitane, mume wangu akifanya kazi kwenye tanuri za kuyeyushia shaba, nasi tukikaa Kenya (nasema Kenya mtaa wetu wa Lubumbashi, si nchi). Sabuni ilianza kupotea madukani. Leo ipo, wiki nzima haipo, na ikirudi kipande kimekuwa chembamba kama biskuti. Mume wangu alirudi kila siku na nguo zenye masizi, na mimi masizi siyawezi, basi nikakumbuka mambo ya mama yangu kule Kasenga, nikachuja maji kwenye majivu ya kuni, nikayachemsha na mafuta ya mawese mpaka yakashikana, nikakata vipande nikavianika. Haikuwa na harufu ya dukani, lakini ilitoa masizi. Kwa nguo nyeupe niliponda majani ya mpapai. Na kwa masufuria nilitengeneza uji wa ndimu, chumvi na unga wa tofali uliochekechwa kwa kitambaa, na huo uji (najisifu, nivumilieni) hakuna sufuria iliyoushinda.

Wanawake wa mtaa wakaanza kuja uani kwangu kujifunza, kwanza wawili, halafu kumi, halafu hata wale walioringa wakaja wakisema wametumwa na dada zao. Niliwafundisha wote. Nilitembea Kenya nzima kichwa juu.

Sasa, chama chetu cha wanawake kilikuwa kimejenga nyumba ya kujifunzia kushona, na mkubwa wa zone, yaani komisere, alikuwa anakuja kuifungua. Yeye naye alizaliwa Kasenga, ndiyo maana kiongozi wetu, Mama Kapinga, alimwagizia zawadi kwa Fundi Ramazani, mzee wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka Maniema, fundi wa picha za shaba za kugonga kwa nyundo. Picha ilionyesha wanawake wa Luapula, mto wa kwetu Kasenga, wakipanga samaki mezani. Mzee aliigonga wiki tatu. Ikaletwa siku moja kabla, imefungwa kwa kitambaa cheupe.

Kazi yangu ilikuwa kusafisha ukumbi, basi. Sakafu, madirisha, viti. Asubuhi ya sherehe, saa mbili, nilikuwa nimemaliza kila kitu, na uji wa ndimu ulibaki nusu bakuli, na mimi kitu kikibaki mikononi lazima kitumike, nikasema nifungue kile kitambaa nitazame tu.

Nikatazama. Wanawake na samaki walikuwa wameinuka vizuri, lakini katikati yao, kwenye mikunjo ya nguo, kwenye mto nyuma yao, kote kulikuwa kweusi. Nikamhurumia yule mzee, nikasema macho yake yamechoka, ameacha masizi ya moto wake na hakuyaona, na watu watamcheka. (Mimi nilikuwa namhurumia yeye, mnasikia.)

Nikasugua. Weusi ulikuwa mkaidi, nikauongezea ndimu, nikauongezea tofali, nikasugua mpaka jasho likanitoka, na ulipokwisha picha ilikuwa inawaka kama jua. Ni kweli niliona samaki hawaonekani vizuri, na mwanamke mmoja nilimtafuta sikumpata, lakini nikajiambia ni mwanga wa dirishani. Kisha nikamsikia Mama Kapinga mlangoni, nikairudisha haraka kwenye kitambaa ikiwa bado na majimaji ya ndimu na chumvi.

Saa tano ukumbi ulijaa. Tuliimba, tulicheza, komisere akaingia na abakosti yake, lile koti la wakubwa lisilovaliwa na tai, ya rangi ya maziwa, safi kabisa, hata mimi nilimsifu moyoni. Hotuba zikaenda, nyingine zikarudi. Halafu Mama Kapinga akamwomba aifungue zawadi.

Akavuta kitambaa. Kilikuwa kimegeuka kijani chote, maana shaba ikikaa na ndimu na chumvi inatoa ile kutu yake ya kijani, na kijani hicho kikamshika vidole, na kutoka vidoleni kikaenda kwenye mkono wa abakosti. Yeye hakuona bado. Alikuwa anaangalia picha, akaigeuza huku, akaigeuza kule, mwisho akajiona mwenyewe ndani yake, akainyoosha kola.

"Asante sana," akasema. "Ni kioo muzuri."

Watu wakacheka, wakidhani anatania, halafu wakaona hatanii. Mama Kapinga akasogea, akatazama picha, akatazama ule mkono wa kijani, na sura ikambadilika. Akamgeukia Fundi Ramazani, aliyekuwa amekaa nyuma na kofia yake ya kufuma.

"Fundi, ulituletea nini? Hii shaba iko mubaya, inatoka rangi. Na bale bamama ba samaki biko wapi?"

Mzee akasimama polepole. Alikuwa anatazama picha kutoka mbali kama mtu anayetafuta mtoto wake kwenye kundi la watu. Na watu wakaanza kunong'ona, huyu mzee ameishiwa, huyu asipewe kazi tena, mbele ya mkubwa, mbele ya zone nzima.

Ningeweza kunyamaza. Ninawaambia kweli, niliwaza kunyamaza. Hakuna aliyeniona. Lakini mikono yangu ilinuka ndimu mpaka jirani yangu alikuwa ananitazama, na yule mzee alikuwa na miaka arobaini kwenye kazi ile. Nikasimama.

"Mukubwa, fundi hana kosa. Mi njo nilisugula. Nilizania ni buchafu."

Fundi Ramazani akaja mbele, akapitisha kidole juu ya shaba, kwenye pua za wale wanawake, kwenye migongo ya samaki.

"Mama," akaniambia, sauti ya chini, "ile nyeusi njo kazi yangu. Kupiga nyundo, bengi banajua. Ile nyeusi njo inaonyesha batu."

Na hapo komisere akauona mkono wa abakosti yake. Mama Kapinga akashika kichwa.

Nikamwambia, "Mukubwa, kama unaniruhusu, hii rangi ya kijani ninaweza kuitosha ku nguo." Mimi ningekuwa yeye nisingekubali, lakini akavua koti akanipa. Niliomba maji safi na ndimu moja. Nikaikamua juu ya doa, bila chumvi, bila tofali, nikagusa-gusa kwa kidole taratibu, nikasuuza, nikagusa tena, watu wote wamesimama juu ya viti kunitazama. Kijani kikafifia, kikawa manjano, kikapotea. Nikamrudishia koti lenye maji lakini jeupe.

Akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Sitwayene," akasema, "wewe iko hatari, lakini unajua kazi." Akawaambia picha irudi kwa fundi, yeye atangoja.

Kesho yake nilikwenda kwa Fundi Ramazani kuomba msamaha, na sikuondoka, nilikaa wiki nzima karakanani kwake nikimshikia koleo. Nikamwona akiipasha picha moto, akiipaka dawa yake mpaka ikawa nyeusi yote, ikawa huzuni tupu, kisha akichukua kitambaa na kufuta pale palipoinuka tu, shavu, bega, mgongo wa samaki, na wale wanawake wakarudi mmoja mmoja. Yule niliyemtafuta alikuwa anacheka. Na siku ya mwisho mzee aliniuliza kama ningeweza kumtengenezea bakuli la uji wangu, kwa sababu ile dawa ya dukani ya kusafishia shaba kabla ya kuipaka weusi nayo ilikuwa imepotea. Nikamtengenezea miaka sita. Mafundi wengine wakaja kwake kuuliza ni nini, naye akawaambia ni wa nani.

Lakini tangu wakati ule sisugui kitu cha mtu mpaka nimemuuliza mwenyewe huu ni uchafu au ni kazi, hata sufuria ya dada yangu nauliza. Mwaka uliofuata sherehe ile nilikwenda ofisi ya zone kutafuta karatasi, nikaiona picha ukutani, wanawake wa Luapula na samaki zao, wanaonekana wote. Kwenye pembe ya fremu palikuwa na vumbi. Niliweka mikono nyuma, nikangoja karatasi yangu.