Jipu Lililolia

Sipendi kuusimulia mkasa huu, na ninausimulia kwa sababu Rehema ameshautembeza mjini kwa namna yake, akauongeza chumvi hadi hauliki, kwa hiyo bora muusikie kwa mwenye aibu mwenyewe. Ni habari ya siku niliyowadanganya waganga wa wilaya mbili kwamba nina jipu mgongoni, na jipu likalia.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, kambi za wakimbizi zimejaa kutoka Kibondo hadi huku kwetu Kasulu, na vituo vya afya vimeanza kupewa kompyuta za msaada, ambazo wengi walizifunika vitambaa vya kufuma na kuziogopa. Sisi tulikuwa watatu. Nestori, aliyeletwa mtoto kutoka Burundi akakulia Makere, alikuwa na akili ya haraka na miguu ya haraka zaidi. Rehema, binti wa mwenye duka pale mjini (babu yake alitoka pwani, na ulimi wa pwani haukupotea njiani), alikuwa akiona kosa kabla hujamaliza kulitenda. Mimi nilikuwa kiongozi wao, neno kubwa, maana kuongoza kwenyewe kulikuwa kununua chai na kupokea lawama.

Tulikuwa tumetengeneza programu ya kukionya kituo kwamba dawa zinakaribia kwisha, ili mama asitembee kutoka Muyama na mtoto anayechemka mwili akaambiwa hakuna. Hatukuiuza. Nestori alisema kwao Makere jirani hamuuzii jirani mbegu ya maharage, anampa, naye akivuna atampa mwingine. Basi kila aliyetaka tulimpa disketi yenye programu pamoja na maandishi yake yote ya ndani, wazi, ainakili, airekebishe, amgawie mwenzake. Ombi letu lilikuwa moja tu, akirekebisha atuletee tuone.

Na nyumbani nilikuwa na Domitila. Mke wangu huyu aliacha shule kidato cha nne, na sasa, akiwa na Furaha wetu anayeota meno, alikuwa akijisomea mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nilikuwa nikimtazama anasonga ugali huku kitabu cha historia kimeegemea mfuniko wa sufuria, mtoto mgongoni anamvuta nywele, midomo yake inakariri, nikaona kama namtazama mtu anayevuka Malagarasi kwa miguu na maji hayamfiki magotini. Maelezo ya kutumia programu yetu aliyaandika yeye, kwa Kiswahili ambacho hata mimi nilikielewa.

Sasa siku ya mtihani wake mkubwa ikaangukia siku ya kutoa toleo letu jipya, pale hospitalini, kwenye jenereta ya uhakika. Asubuhi akanikabidhi mtoto, kitenge, na chupa ya uji, akasema nimpeleke kwa mama yake Rehema, wameshaongea. Alipofika mlangoni akageuka.

"Baba Furaha, leo tu. Nisiitwe."

"Hutaitwa," nikamwambia. "Hata nyumba iungue."

Akaenda. Na hapa ndipo ulipo uamuzi mdogo. Mtoto alikuwa amelala. Nikajiuliza ya nini kumwamsha kwa kumpokezanisha, na isitoshe kwa mama Rehema pale dukani hukaa wazee wa kahawa, watasema kiongozi wa kompyuta ameachiwa ulezi. Nikamfunga Furaha mgongoni kwa kitenge kama nilivyoona wanawake wakifanya (kuona na kujua ni vitu viwili), na kwa kuwa katika baridi ya milima yetu koti halimshangazi mtu, nikavaa juu yake lile koti la marehemu baba, pana kama hema. Disketi nikazitia mfukoni. Chupa ya uji nikaisahau mezani.

Ukumbini nikaingia kwa hatua za bwana harusi. Wageni walikuwa wameshakaa, waganga na wauguzi kutoka Kasanda, Muyama, Kibondo. Rehema akaniangalia nundu, akaniangalia uso, akafunga mdomo kwanza. Lakini Mzee Ntahondi, mganga wa Kasanda mwenye mvi na huruma, akanishika mkono, akanisalimu kwa Kiha, asiuachie.

"Mwakeye, mwanangu. Pole. Mgongo umefanya nini?"

Ningesema mtoto, mkasa ungeishia hapo. Nikasema jipu.

Jamani, mnajua maana ya kutamka jipu mbele ya watu ambao kazi yao ni majipu? Mmoja akauliza lina siku ngapi. Mwingine akasema jipu la ukubwa ule si jipu, ni jambo. Skolastika, muuguzi wa kambini Kibondo, akataka kujua kama nasikia homa, nikasema kidogo, akasema anaiona, maana natoka jasho. Mzee Ntahondi alikuwa ameshamwomba mtu alete beseni na kisu cha kupasulia. Nikawaambia tuanze na programu kwanza, likaonekana kuwa ushujaa, wakanisifu, na mimi (Mungu anisamehe) nikazikubali zile sifa.

Nikasimama mbele. Nilikuwa naeleza jinsi kazi inavyozaa matunda ikigawanywa, niliposikia uvuguvugu unateremka mgongoni, unapita kiunoni, unaingia kwenye mfuko wa koti. Nikaendelea kueleza. Halafu jipu likakohoa. Waganga wote wakainua vichwa, na hapo Furaha akaamka, akajikuta gizani chini ya koti la babu yake, akapiga ukelele ambao nadhani ulifika Makere.

"Ni umwana!" akasema Mzee Ntahondi, beseni mkononi.

"Hongera, bosi," akasema Rehema. "Limeiva."

Koti likavuliwa. Mtoto alikuwa ananing'inia upande kama mkungu wa ndizi, amelowa, ana njaa, na uji uko nyumbani. Nestori, kwa ule wema wake usiosubiri kutumwa, akaniambia nisijali, shule iko karibu, anakwenda kumwita shemeji mara moja. Kabla sijajibu alikuwa juu ya baiskeli.

Pale ndipo aibu zote nyingine zikageuka kuwa ndogo. Nilimwona Domitila ndani ya chumba cha mtihani, kalamu ikisimama, msimamizi akimnong'oneza, miezi yote ile ya kusoma kwenye moshi ikimwagika kwa sababu yangu. Nikatoka mbio. Nilipita mbele ya foleni ya wagonjwa, mbele ya kina mama wanaofua, shati limelowa, kitenge cha maua kinapepea, mtoto analia mgongoni, nami napiga kelele, "Nestori, rudi! Asiitwe! Asiitwe!" Mwanamke mmoja aliyekuwa anakamua shuka akapiga vigelegele, wenzake wakampokea, na mlinzi wa getini akadhani mtu ameiba mtoto, akalifunga geti kabla baiskeli haijapita. Ndivyo Nestori alivyokwama, na ndivyo mimi nilivyokamatwa. Ilibidi Rehema aje kuthibitisha kwamba mtoto ni wangu, na hakufanya haraka.

Tuliporudi ukumbini, Mzee Ntahondi alikuwa ameagiza uji wa wagonjwa kutoka jikoni, akamlisha Furaha mwenyewe kwa kijiko. Mtoto akanyamaza. Zikabaki disketi, zimelowa zote, na kompyuta yetu ofisini iliungua juzi yake. Nikawaambia wageni ukweli, kwamba toleo limekojolewa.

Skolastika akafungua mkoba wake. Toleo la majaribio tulilompa, alisema, alishampa mwalimu mmoja kambini, naye amelirekebisha pale lilipokuwa linakwama, akamwagiza atuletee kama tulivyoomba. Nestori akaliweka kwenye kompyuta, likafunguka, zuri kuliko letu. Mbegu ilikuwa imerudi imevunwa. Nikaendelea kufundisha, Furaha mgongoni, safari hii bila koti.

Domitila alinikuta hivyo, mchana, koti limeanikwa dirishani na watu wanajipanga kunakili disketi. Alisimama mlangoni na vumbi la chaki kwenye kiwiko. Alinizunguka, akakitazama kitenge.

"Fundo hili ni la kufungia kuni, Baba Furaha." Akalifungua, akalifunga upya, na mara mtoto akawa mwepesi.

"Mtihani?"

"Nimemaliza hadi swali la mwisho," akasema. "Hakuna aliyeniita."

Alifaulu, na vizuri. Mimi huko Kasanda hadi leo naitwa Bwana Jipu, na mwaka ule kila kituo kiliomba disketi kwa jina la toleo la jipu, hata maofisa waliliita hivyo kwenye vikao. Lile koti nilimpa mlinzi wa geti. Nimeapa sitalivaa tena koti la kumfunika mtoto wangu, na fundo la kitenge sasa nalijua, nimefundishwa na mwalimu aliyeyafanya haya yote siku zote, bila nundu na bila kupigiwa vigelegele.