Foleni ya Choo cha Harksley

Ukitaka ugomvi na Beryl Hardcastle, mwambie kazi yake ni kusafisha choo. Atakujibu kwamba yeye anaendesha choo, kama wengine wanavyoendesha benki, na kwamba chake bado hakijafilisika. Hicho kilikuwa kijembe kwa mwajiri wake, Halmashauri ya mji wa Harksley, Uingereza, ambayo ilikuwa imefilisika kwelikweli.

Waheshimiwa madiwani walikuwa wamekopa wakanunua jengo la maduka katika mji mwingine, wakingoja kodi za wapangaji ziwatajirishe. Wapangaji wakahama, jengo likabaki na njiwa, na njiwa hawalipi. Basi vyuma vikakaza. Maktaba ikafungwa, taa za mitaani zikazimwa, mashimo ya barabarani yakaachwa yanenepe. Wakati huohuo kodi ambayo kila nyumba huilipa halmashauri ikapandishwa hadi pale sheria inapogoma. "Ndiyo kwanza naona duka linaloongeza bei huku likiondoa bidhaa," alisema Beryl. Kisha zamu ikafika kwenye choo chake, pale uwanja wa soko.

Kupoteza mshahara hakukumtisha sana, maana aliwahi kufukuzwa kiwanda cha biskuti na hakufa. Aliyemtia hofu ni Clifford, mumewe. Clifford alikuwa dereva wa basi aliyestaafu, na tangu tezi dume limsumbue alikuwa haendi mahali ila ajue kwanza choo kiko wapi. Alikuwa amebakiwa na mahali pamoja tu pa kwenda: soko la Alhamisi. Huko alikaa kwenye benchi na rafiki yake wa zamani, wakala pai za nyama moto na kutukanana kuhusu njiwa wao wa mashindano ya mbio, akarudi nyumbani kama kijana. Beryl alikuwa ameona wanaume wa mtaa wao walivyoanza. Kwanza hawatoki kwa sababu ya choo, kisha hawatoki tu, na mwisho wanatolewa ndani ya jeneza. Alipofikiria hivyo alilia, tena alilia huku akisugua sinki ili asionekane.

Alikwenda kwenye kikao cha wananchi akamkabili Diwani Giles Wetherall, mshika fedha wa halmashauri, bwana mrefu mwenye skafu nzuri.

"Bi Hardcastle, choo chako hakitumiki," alisema Diwani.

"Wewe umejuaje? Unachungulia?"

Watu wakacheka. Diwani akawa mwekundu hadi masikioni. "Alhamisi nitakuja kujionea mwenyewe. Nikikuta kinatumika, tutazungumza."

Alhamisi mvua ilimwagika kana kwamba nayo ilikuwa imebanwa. Soko likawa tupu. Noreen, muuza mayai, alikuwa akiuuzia upepo.

"Shosti, njoo usimame mlangoni kwangu," Beryl alimwambia.

"Nifanye nini? Sijabanwa."

"Nani kakuuliza? Simama kama mtu anayengoja zamu. Mwite na dada yako."

Noreen alisimama, dada yake akasimama nyuma yake, miavuli juu. Haikuchukua muda, bwana mmoja mwenye mbwa akapita, akawatazama, akatazama mvua, akajiunga. Hakuuliza kitu. Watu wa Harksley ndivyo walivyo: wakiona foleni, miguu yao huingia kabla ya akili. Kuuliza foleni ni ya nini ni utovu wa adabu, na kutoka ukishaingia ni aibu zaidi. Nyuma ya mbwa wakaja wengine wengi, kisha akaja mama mwenye toroli la sokoni, akaja mwalimu mstaafu, wakaja wanakwaya wa kanisani. Kufika saa nne foleni ilikuwa imelipita duka la mikate na kukunja kona.

"Nasikia wanarudisha sehemu ya kodi," alinong'ona mama wa toroli.

"Halmashauri hii irudishe kitu? Labda pai zimeshuka bei," alijibu mwalimu.

Humo ndani tundu moja tu lilikuwa zima, mengine halmashauri iliyaacha yafe. Kila aliyefika mlangoni aligundua amepanga foleni ya nini, lakini kugeuka ni kukiri kwamba alilowa bure. Basi aliingia, akafunga mlango, akakaa muda wa heshima, akavuta maji, akanawa, akatoka akisema, "Ah, afadhali." Beryl alibana kicheko hadi mbavu zikauma.

Diwani Wetherall alitokea kutoka kwenye kikao kirefu, na vikao vya Harksley huendeshwa kwa chai. Aliiona foleni, akaikodolea macho, kisha akaenda moja kwa moja kushika mkia wake. Hakuwa na la kufanya. Kubanwa alikuwa amebanwa kweli, na mwanasiasa anayeruka foleni Uingereza hachaguliwi hata kuwa monita wa darasa. Akaanza kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule.

Beryl alimwona, moyo ukaruka kwa furaha. Kisha akaona aliyesimama nyuma ya Diwani, na furaha ikakauka.

Alikuwa Clifford. Kofia imelowa, uso umepauka, mkono umeshika kiuno. Mtego wa panya huwanasa waliomo na wasiokuwemo, na huu ulikuwa umemnasa yuleyule ambaye ulitegwa kumwokoa.

"Clifford! Pita mbele!"

"Nitangoja zamu yangu, Beryl."

"Zamu gani, mwanamume wewe? Utaweza?"

Clifford akashika kiuno kwa mikono yote miwili. Beryl akajua kwamba hataweza. Akajua pia kwamba akiaibika hapa, mbele ya mji mzima, hatakanyaga tena sokoni, choo kiwepo kisiwepo. Akapanda juu ya kreti la mayai.

"Sikilizeni! Hii foleni ni ya uongo! Nimeitengeneza mimi ili Diwani aione. Noreen hakubanwa, dada yake hakubanwa. Asiyebanwa na aende zake!"

Hakuondoka mtu.

"Mimi nimebanwa sana," alisema mwalimu kwa heshima zote.

"Hata mimi, tangu asubuhi," alisema mama wa toroli, asiyeweza kumtazama usoni.

"Waongo wakubwa nyie!" alilia Beryl, na sasa alikuwa analia kweli. "Mume wangu ni mgonjwa!"

Mvua ikapiga miavuli. Ndipo Diwani Wetherall, magoti yamebanana, jasho na mvua vimechanganyika usoni, akageuka nyuma.

"Bwana Hardcastle, nakuachia nafasi yangu. Tafadhali, tangulia."

Hapo sasa. Kuruka foleni ni dhambi, lakini kuachiwa nafasi ni halali. Kiongozi wa kwaya akageuka: "Tafadhali, mzee, tangulia." Clifford akagusa kofia. "Asante sana, lakini una hakika?" "Hakika kabisa." "Sitaki kukusumbua." "Hunisumbui hata kidogo."

"Acheni adabu!" Beryl alipiga kelele. "Adabu itamlowesha!"

Wakaharakisha. Mkono hadi mkono, tafadhali hadi tafadhali, Clifford alisukumwa kutoka kona, akalipita duka la mikate, akampita mwalimu, akampita mama wa toroli, kila mara akigusa kofia, hadi mlango ukafungwa nyuma yake. Foleni nzima ikatega sikio. Aliposikika akivuta maji, mwanakwaya mmoja alisema "Amina," na hakuna aliyemcheka.

Diwani aliingia mara baada yake. Alipotoka alikuwa mtu mwingine.

"Umenidanganya, Bi Hardcastle."

"Nimekudanganya. Haya, funga."

Diwani alimtazama Clifford, aliyekuwa tayari benchini, pai mkononi, akimtukana mwenzake. "Hela hakuna," alisema polepole. "Huo si uongo. Naweza kukiacha wazi Alhamisi tu. Mshahara sina."

"Kwa hiyo nilipe kodi, halafu nije kuwasafishia choo bure?"

"Ndivyo ilivyo."

Beryl alimtukana kwa maneno ambayo wanakwaya walijifanya hawakuyasikia. Kisha akanyoosha mkono. "Lete ufunguo."

Diwani huja karibu kila Alhamisi, maana chai za vikao hazijapunguzwa. Humkuta Beryl mlangoni na fagio lake, uwanja mtupu.

"Panga foleni," humwambia.

"Bi Hardcastle, hakuna mtu."

"Yupo Clifford."

Diwani husimama mvuani, akiligeukia benchi. Clifford humaliza pai yake bila haraka, akapangusa vidole, akagusa kofia.

"Mimi leo sijabanwa, Diwani. Tafadhali, tangulia."