Ukungu Ulipoinuka, Ziwa Halikuwepo

Saa kumi na mbili asubuhi, msitu bado unadondosha mvua ya jana. Mwongoza wageni ameinama kwenye njia iliyomezwa na miba, anakata kwa panga, anavuta, anatupa pembeni. Ruba wawili wamemganda shingoni na wala hana habari nao. Hii ni siku ya kumi na tisa, na hakuna anayemlipa.

Njia inapanda hadi ukingoni mwa mlima uliolipuka zamani za kale, kisha inateremka kwenye ziwa lililojaa katika kinywa chake. Ni mwendo wa saa sita kwa mwenye magoti mazima. Yeye ana miaka hamsini na tatu, na magoti yake, kwa maneno ya mkewe, yanalia kuliko mlango wa choo.

"Asubuhi maji ni ya kijani, mchana yanakuwa meusi," anasema. "Nilikuwa nalijua ziwa hili kama kiganja changu."

Anasema "nilikuwa", kisha anatazama chini.

Miaka miwili iliyopita, siku ya ukungu mzito, aliwafikisha wageni watatu waliochoka kwenye ukingo wa genge, mahali pengine kabisa, mwendo wa saa mbili tu kutoka barabarani. Akawaonyesha weupe mtupu. "Ziwa liko hapo chini, basi tu leo hatuna bahati." Wakaupiga picha ukungu, wakamshukuru, wakamlipa kama kawaida.

Kuanzia hapo, kila siku ya ukungu safari iliishia gengeni, na huku milimani ukungu ndio mwenyeji. Njia ya kweli ikaota miba.

"Nilijiambia, kama hawaoni, tofauti iko wapi?"

Mwaka huu akaja nesi mstaafu, peke yake, ameshika kofia ya kiume. Njiani alimweleza kwamba marehemu mumewe alikuwa akipima maji ya ziwa hilo enzi za ujana wao. Kila mwaka alimwahidi kumleta, mpaka akafa na ahadi yake.

"Pale ndipo nilipopaswa kugeuza njia," anasema. "Nilisikia, nikaendelea kumpeleka gengeni."

Gengeni mama huyo alimwomba asogee kando. Akazungumza na mumewe karibu nusu saa, kisha akairusha kofia kwenye ukungu. Haikupita dakika, upepo ukavuma na ukungu ukainuka wote. Chini kulikuwa na shamba la viazi. Mkulima aliyekuwa akipalilia alinyoosha mgongo, akaiokota kofia, akawapungia nayo.

Mwongoza wageni aliteremka kuifuata. "Mkulima akaniuliza, 'Mzee, kofia nzuri hivi mnaitupia nini?' Nilitamani ardhi inimeze."

Mama aliifuta tope kwa kitenge chake. "Tushuke, baba," alisema, basi. Barabarani akamlipa malipo yote.

"Angenitukana, ningepona."

Wenzake walipopata habari walimkaribisha kijiweni kwa methali: njia ya mwongo ni fupi. Alicheka nao, akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Mkewe alimfuata huko huko.

"Usinililie mimi, baba watoto. Mimi siye uliyemdanganya. Mpigie."

Alipiga mara tano. Mara ya tano mama akapokea, akamsikiliza hadi mwisho. Akasema mvua zikikatika atakuja tena, kwa sharti moja: ataongozwa na mtu mwingine.

"Mimi nitabeba mzigo, nitembee nyuma," anasema. "Inauma, ila ni haki yake."

Anafuta panga kwenye majani. Zimebaki kama hatua mia tatu kufika ukingoni, na anataka azimalize wiki hii.

"Akifika majini nitarudi juu kabisa, mpaka nisiisikie sauti yake," anasema. "Siku ile aliniomba nisogee. Sikusogea mbali. Nilisikia kila neno alilomwambia mumewe."