Mikono Inayonuka Manjano

Mimi ni mtu wa ndani. Dada yangu, anayeishi Kisarawe, husema nikifika getini inabidi nirudi kupumzika. Kwa hiyo mbwa wangu alipoota uvimbe kwenye titi, nilikuwa na muda wa kutosha kuutazama. Nikautazama mpaka ukawa kama limau, ndipo nikampigia daktari wa mifugo.

Alikuja na pikipiki, akachukua kipimo, akarudi baadaye na jibu. Kansa, na imeshafika mapafuni. Upasuaji unawezekana, alisema, lakini kwa umri wa mbwa yule, bibi kizee tayari, kidonda kingemtesa kuliko uvimbe wenyewe. Akaniachia vidonge vya maumivu.

"Mpe hivi, mlishe anachopenda, kaa naye."

Kukaa! Kazi pekee niliyoiweza tangu nimalize kidato cha nne, nayo ikanishinda.

Nilimpigia dada. Kesho yake mfuko ukanifikia huku Kibaha kwa basi: majani ya mwarobaini, magome ambayo hata yeye hakuyajua jina, na manjano ya kusaga.

"Mnyweshe asubuhi na jioni," alisema. "Na wewe onja, labda utatoka nje."

Nikachemsha. Nikampaka manjano kwenye uvimbe. Kisha nikambembeleza daktari amchome pia sindano za kansa, akanichomea huku akitikisa kichwa, na mbwa akatapika siku nzima. Sikuacha kitu hata kimoja, kwa hofu kwamba nitakachokiacha ndicho kingemponya.

Ikafika mahali kijiko kikigonga sufuria tu, anaingia uvunguni. Mimi, nisiyekimbilia hata basi, nikawa namvuta mgonjwa miguu ya nyuma na kumpanua mdomo.

Asubuhi moja sikumwona. Nilimkuta ng'ambo ya michongoma, kwenye baraza la bibi jirani, mwenyeji wa hapa tangu mtaa huu ukiwa mashamba ya mihogo. Bibi huyo hajawahi kumgusa mbwa. Akipishana na wangu hukusanya kanga yake kwa sababu ya udhu.

"Shikamoo, bibi. Samahani sana."

"Marahaba. Mchukue mnyama wako. Nimemwambia toka, ananitikisia mkia."

Nikamwita. Mbwa akanitazama mikono kwanza, halafu akajisogeza nyuma ya kigoda cha bibi.

"Makubwa!" bibi akacheka. "Unamfanya nini huko kwako?"

Nikamweleza yote, mpaka magome.

"Na mimi simshiki hata kidogo," alisema. Akamwangalia mbwa. "Basi mwache apumzike. Lakini akikanyaga mkeka wangu wa kuswalia, nitakushika wewe."

Siku hiyo nikamwaga majani, na daktari nikamwambia sindano basi. Vidonge vya maumivu tu ndivyo vilivyobaki. Nilivificha ndani ya dagaa, bibi akaisukuma sahani kwa mpini wa ufagio, na mbwa akala bila wasiwasi. Bibi alimtandikia gunia pembeni ya baraza. Mimi nikaweka kiti upande wangu wa michongoma, nikawa nachungulia kama mposaji aliyekataliwa.

Mara moja nilijaribu. Nilinawa, nikaenda mikono mitupu, nikachuchumaa mbali kidogo. Akaja polepole, mkia ukiyumba, nikaona kumbe bado ananipenda. Akanusa vidole vyangu. Masikio yakalala, akageuka, akarudi kwenye gunia.

"Hukunawa?" bibi aliuliza.

"Nimenawa, bibi."

"Kanawe tena."

Nilinawa kwa sabuni, kwa limau, kwa majivu. Kwenye kucha rangi ilibaki.

Dada alipiga simu kuuliza kama dawa imeisha alete nyingine. Nikamwambia ipo.

Kisha ikaja alasiri ambayo bibi aliniita kutoka barazani, bila utani.

"Njoo, mwanangu. Njoo umchukue. Sasa hakukimbii."