Vidole vya Bibi

Jana, kwenye stendi ya Singida, kijana mmoja alikuwa anakaanga korosho kwenye jiko la mkaa, na moshi wake uliponifikia macho yakaanza kuwasha. Mnaoijua korosho mnaujua moshi ule: mtamu kidogo, mchungu zaidi, unaganda kwenye nguo. Nimehama miji mingi mno, hata siwezi kueleza ninatafuta nini, lakini moshi huo hunirudisha mahali pamoja tu: kando ya kitanda cha Bibi, wodi ya wanawake, Nachingwea.

Bibi, mzaa mama, alichomwa na kisiki kwenye vidole vya mguu akiokota korosho shambani kwake Lionja. Alikuwa na kisukari, na kidonda kikakataa kupona. Tulipomfikisha hospitali, daktari alikitazama, akamwita mama nje. Mama alirudi uso umebadilika, akasema tu kwamba tunamsubiri Mjomba. Kwetu Wamwera, jambo zito kama lile halikuamuliwa mpaka wajomba wakae. Mjomba Saidi alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu Namungo, na simu za mkononi hazikuwepo. Ujumbe akapewa dereva wa lori, nasi tukaanza kungoja.

Nilikuwa darasa la nne. Kazi yangu ilikuwa kumsemea Bibi, maana Kiswahili chake kilikuwa cha gulioni, kinaishia kwenye bei ya ufuta, na daktari alitoka Kanda ya Ziwa. Nilitafsiri kwamba uji umepoa, sindano inakuja, geuka. Kuhusu mguu hakuna aliyenipa neno la kutafsiri. Harufu ya kidonda ilizidi, mama akawa anajiziba pua kwa kanga akisingizia mafua.

Wiki ikakatika. Mjomba akafika, na nyuma yake ukoo mzima, wengine kutoka Malolo, hata wale waliokuwa hawasalimiani. Walikaa nje ya wodi wakakubaliana: mguu ukatwe, ila Bibi asiambiwe, aambiwe anasafishwa kidonda. Wakaingia wote wanatabasamu.

Bibi aliwatazama mmoja mmoja. Akaniambia kwa Kimwera, kwa sauti ya kusikika na wote, "Mjukuu wangu, hawa mara ya mwisho kuwaona pamoja ni msiba wa babu yako. Waulize, leo wamekuja kuzika nini?"

Mjomba akacheka kicheko kikavu. "Mama nawe! Tumekuja kukuona tu."

"Uache dhahabu, Saidi, uje kuona kidonda? Niitieni daktari."

Daktari alipokuja, Bibi alinishika mkono. "Usiongeze, usipunguze."

Daktari akaeleza kwamba uozo umepanda. Ili kuokoa maisha yake watakata juu ya goti; wasipokata, atakufa. Nikatafsiri. Bibi akauliza kama ataweza kuinama kuokota korosho. Daktari akasema kuinama kutakuwa shida, ila kubangua akiwa amekaa ataweza. Kisha Bibi akauliza, haya ameyajua lini?

Daktari akamtazama mama. "Siku ile mlipofika. Lakini siku ile nilitaka vidole viwili tu."

Mjomba akakohoa, akanitolea macho. Niliyajua macho yale: meza hilo. Mama akainamia kanga yake. Mkono wa Bibi ulikuwa umekauka kama ganda, nao haukuniachia. Nikatafsiri. Sikuongeza, sikupunguza.

Bibi hakupiga kelele. Akawauliza wanawe taratibu, "Mguu ndio mbovu. Kichwa changu mlikihifadhi wapi wiki nzima?"

Akamgeukia daktari, akatumia Kiswahili chake kilekile cha gulioni: "Kata."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akibangua korosho mkekani, mikono imeungua kwa mafuta ya maganda. Kila Mjomba alipokuja na zawadi, kilo ya sukari ambayo hakuruhusiwa kula, Bibi alimwambia, "Weka pale. Na vidole vyangu je, umeniletea?" Sote tulicheka. Mjomba naye alicheka, akiangalia chini.

Utotoni niliwaona wakubwa wale kuwa watu wakatili. Nimechelewa sana kuelewa kwamba walimpenda, na kwamba hofu yao waliiita heshima. Kila mmoja alingoja mwenzake aseme, na wakati huo wote mwenye mguu alikuwa amelala palepale, masikio yake mazima.

Nawaeleza haya kwa sababu jana, nikiwa bado kwenye moshi ule, simu yangu ililia. Mama yangu sasa ni mzee, yuko Ruangwa. Kwenye kundi letu la ndugu, mdogo wangu ameandika kwamba daktari ameona uvimbe kwenye titi la mama. Kaka akajibu: "Mama asiambiwe kwanza. Tukutane wote, tukae."

Nilimpigia mama hapohapo. Nikamweleza alichokiona daktari na walichokiandika watoto wake. Nikasikia kuku wake wakidonoa sufuria.

"Nilikuwa nangoja nione nani kati yenu ataanza," akasema. "Haya mwanangu, rudia polepole. Usipunguze."