Kijiko cha Mtunza Muda

Pale chuoni Somoe hakumwogopa mtu kama mtunza muda wa klabu ya midahalo. Mtunza muda huyo alikuwa binti mwembamba wa kisiwa cha Chole, mwanafunzi wa ushonaji, chaki haimtoki vidoleni, na kengele yake ni kijiko na mfuniko wa sufuria. Dakika tatu zikiisha, kwaa! Mkuu wa chuo mwenyewe aliwahi kugongewa hajamaliza salamu. "Utanisamehe, mwalimu, maji hayanisubiri," alimwambia kwa upole, kama mtu aombaye chumvi. Na ni kweli, boti ya mwisho ya kwenda kisiwani kwao huondoka pwani ya Utende kabla maji hayajakupwa. Ndiyo maana viatu vyake huviacha mlangoni vimeelekea nje.

Alhamisi hiyo mada ilikuwa kama kilimo cha mwani ni kazi ya wanawake peke yao. Somoe, ambaye tangu ajiunge hajafungua kinywa, akasimama. Dakika mbili nzima alitazama sakafu. Alipoona kijiko kinainuka, moyo ukamlipuka. "Mimi nakataa!" akasema, na maneno yakamtoka kama bomba lililozibuka: mgongo wa mama yake, kamba, jua, na kaka zake wanaocheza bao. Alipokaa, makofi yakirindima, saa ya ukutani ilionyesha amesema dakika kumi na moja.

Mtunza muda alikuwa amekikalia kijiko.

"Dada, na boti je?" Somoe akamuuliza.

"Ishakwenda," alijibu, akienda mlangoni kuvigeuza viatu vielekee ndani. "Leo nalala kwenu. Mnapika nini?"